Maji ya Ua la Mkwe

Jani la kwanza lilianguka Mama Fundi akiwa ananyoosha sketi ya mteja, na kwa ukubwa wake halikuanguka kimyakimya kama majani ya miti mingine. Lilisema pwa! sakafuni, kama kandambili iliyorushwa na mtu mwenye hasira. Mama Fundi akageuka na pasi mkononi. Akaliona limelala chali chini ya dirisha, nusu jeupe, nusu kijani, na ile nusu nyeupe imeingia weusi pembeni kama karatasi iliyoponea motoni.

"Mungu wangu," alisema. Akarudia kwa sauti ndogo zaidi, "Mungu wangu wee."

Alisimama hapo mdomo wazi. Pasi aliiweka chini bila kuangalia anaiweka wapi, na harufu ya sketi inayoungua ndiyo iliyomzindua.

Mtasema, jani kuanguka ni kitu gani? Miti mingapi inapukutisha na watu wanafagia tu? Lakini ua lile halikuwa lake. Lilikuwa la mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, na mkwe naye alilirithi kwa marehemu mama yake. Siku ukoo wao ulipogawana vitu vya marehemu, kaka mkubwa alichukua kabati, mdogo wake viti na televisheni, na shangazi mmoja akabeba mapazia pamoja na misumari yake. Binti alipoulizwa anataka nini, akaonyesha ua kwenye kona. Wakamcheka. Yeye akalipakata safari nzima kama mtoto mchanga, akafika nalo nyumbani kwa mumewe likiwa limevunjika majani mawili na yeye macho mekundu kama pilipili.

Ni ua linalopanda juu. Kwao ni kwenye misitu ya mvua nyingi, ambako hukwea miti mikubwa likitafuta mwanga. Nyumbani hakuna mti, basi mkwe alilisimamishia nguzo ndani ya chungu chake, akaivika gunia, na gunia hilo alilishona Mama Fundi kwa mkono. Ua likalikumbatia kwa mizizi ya kahawia inayotoka shinani kama vidole vya mzee. Majani yake ni mapana, yamechanika pembeni kama yamepitiwa na mkasi, na yana mabaka meupe ambayo hayafanani hata mawili. Jani moja limenyunyiziwa maziwa. Jingine limegawanywa katikati kama jezi ya timu. Jingine ni kijani tupu, lakini lina mstari mmoja mweupe, kama mtu aliyepita akasahau chaki yake.

"Huu weupe si ugonjwa, mama," mkwe alimweleza siku ya kuondoka. Dada yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, naye alikwenda kumuuguza. "Ndiyo rangi yake. Ila sehemu nyeupe ni laini, jua likiipiga inaungua. Lipate mwanga wa kupitia kwenye pazia tu. Majani nayafuta kwa kitambaa chenye unyevu."

"Na maji?"

"Hapo ndipo penyewe." Akamshika Mama Fundi kidole cha shahada, akakichomeka kwenye udongo wa chungu mpaka kiungo cha pili. "Hivi. Ukisikia ubaridi, usilipe kitu, hata likuombe kwa magoti. Ukisikia ukavu, kikombe kimoja."

Mama Fundi akacheka. "Kidole hiki? Mwanangu, kidole hiki kimeshika vitambaa tangu sijaolewa. Nikifumba macho nakwambia hii pamba, hii hariri, na hii ni ya kudanganyia watu."

Mume wa mkwe, yule mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni na begi. Ni fundi wa majokofu, na mtaa mzima humwita Barafu. "Twende, gari litatuacha," alisema. "Ni ua tu hilo, si mtoto."

Mkwe aligeuka. Alimtazama tu, na kwa jinsi alivyomtazama, Barafu aliangalia viatu vyake. Halafu mkwe akamgeukia Mama Fundi. "Mama, nakuachia wewe."

Hakusema "nawaachia". Alisema wewe.

Neno lile lilimkaa Mama Fundi kifuani kama chai ya moto. Maana mkwe yule alikuwa na adabu mpaka ikawa inauma. Tangu aolewe, akitaka kuingia jikoni alibisha hodi. Akiombwa chumvi aliileta kwa mikono miwili. Hakuwahi kununa, hakuwahi kupaza sauti. Mama Fundi alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba siku moja wagombane hata kwa sababu ya sufuria, ajue kwamba huyu sasa ni mwana, si mgeni anayesubiri gari. Na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amempa kitu cha kushika. Likifa hili, alijiambia, basi tena. Ataendelea kubisha hodi mpaka nizikwe.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alichomeka kidole. Kidole kikasema: pakavu. Akamimina kikombe. Kesho yake, pakavu. Akamimina.

"Ua gani hili," alimwambia Barafu, "lina kiu kama mlevi wa asubuhi."

"Labda limezoea huko kwao kwenye mvua," alisema Barafu huku akipuliza chai yake. Yeye hupuliza. Mama yake alikuwa ameshika kikombe chake kwa vidole vitatu kana kwamba ni cha maji ya mtungi. "Mama, hiyo chai haikuunguzi?"

"Mikono ya fundi hii."

"Ningekuajiri ushike mabomba yangu ya moto bila glovu."

Wakacheka. Ndiyo ilikuwa sifa yake nyumba nzima: Mama Fundi mikono ya chuma. Mfuniko wa sufuria huuinua bila kitambaa. Wiki hiyohiyo alikuta tone la damu kwenye blauzi nyeupe aliyokuwa akiipiga pindo, akaanza kutafuta damu imetoka wapi, kumbe ni kidole chake mwenyewe. "Sindano siku hizi inaniuma bila kubisha hodi," alisema, akaiosha blauzi kwa maji ya baridi, na hilo nalo likapita kwa kicheko.

Kisha ua likaanza mambo yake. Asubuhi moja alikuta kila ncha ya jani imening'iniza tone la maji, safi, likimeremeta. Akamwita jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye watu humwita Redio kwa kuwa hazimwi.

"Linalia hilo," alisema Redio, mikono kiunoni. "Shoga yangu, linamlilia mwenyewe. Mimi niliwahi kuona mbuzi anafanya hivyo."

"Mbuzi alikuwa na majani?"

"Alikuwa na moyo! Hata hili lina moyo. Libembeleze."

Mama Fundi akalibembeleza. Kwa maji.

Majani ya chini yakawa njano. Weupe ukaanza kuingia madoa ya kahawia, kwanza kama chembe za pilipili, kisha kama sarafu. Akasogeza chungu mbali na dirisha. Akakirudisha. Akashona pazia jingine jepesi zaidi. Akafuta majani, moja moja, mbele na nyuma, kwa kipande cha pamba laini. Na ndipo lile jani likaanguka, pwa!, na alipoinama kuliokota mguu wake ukateleza. Kando ya chungu kulikuwa na dimbwi dogo la maji.

Akalitazama dimbwi. Akatazama mlango, ambako Barafu huweka ndoo yake, ile anayobebea vifaa na maji machafu yanayotoka kwenye majokofu ya watu. Maji yenye mafuta, maji yenye dawa, maji ambayo hata inzi huyakimbia. Akakumbuka jinsi mume na mke walivyoagana siku ile, mmoja amekaza macho na mwingine ameangalia viatu.

Akajua ni nani aliyelimwagia.

Barafu aliporudi kutoka kazini mchana alimkuta mama yake amekaa kitini, jani liko mapajani, sketi iliyoungua iko mezani, na cherehani limefunikwa. Cherehani la Mama Fundi hufunikwa siku za msiba tu.

"Nani amekufa?" aliuliza palepale.

"Wewe unajua."

"Mimi najua nini?"

"Kama mnagombana na mkeo, mgombane kwa midomo. Mmepewa midomo. Ua limekukosea nini?"

"Mama, nimetoka kubeba friji ghorofa ya tatu kwa mgongo. Sema polepole, akili bado iko kwenye ngazi."

"Umelimwagia maji yako ya majokofu!" Alisimama, na jani likaanguka tena. "Usiniangalie hivyo. Dimbwi nimelikuta. Nimeliona kwa macho yangu! Mtoto niliyemzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, anamwagia sumu kumbukumbu ya mwanamke marehemu! Ulisema ni ua tu. Nilikusikia!"

Barafu alitua ndoo yake taratibu. Alikuwa mtu wa mzaha, na mtu wa mzaha akinyamaza nyumba huingia giza. "Nilisema vile, na nimejuta tangu siku ile," alisema. "Kila nikimpigia simu, kwanza namwomba radhi kwa neno lile, ndipo namuuliza hali ya shemeji. Sijaligusa, mama. Hata kofia yangu nimeacha kuitundika kwenye ile nguzo."

"Basi maji yametoka wapi?"

Barafu alikunja mkono wa shati. Alikwenda kwenye chungu, akachuchumaa, akatia kidole. Akakitoa. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Mama, huu ni uji."

"Uji gani?"

"Udongo. Hili ni tope la kufyatulia matofali."

"Usinichezee. Mkavu kama unga, nimeupima asubuhi hii hii." Akaja akamsukuma bega, akachomeka kidole chake cha shahada mpaka kiungo cha pili, kama alivyofundishwa. "Huu hapa. Mkavu."

Akakitoa.

Kidole kilikuwa cheusi tii, kinadondosha maji. Tope lilimtiririka mpaka kiganjani, tone likaanguka juu ya mguu wake, na huko mguuni alilisikia: baridi, zito. Kidoleni hakusikia kitu. Macho yalisema tope, kidole kinasema unga. Mama Fundi alikigeuza huku na huku mbele ya uso wake, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine na amebandikiwa yeye.

"Ngoja," alisema Barafu. Sauti ilikuwa imembadilika. Akaenda kwenye friji, akarudi na kitu amekificha nyuma. "Kaa. Nipe mkono. Fumba macho."

"Sitaki michezo yako."

"Mama, fumba."

Akafumba. Akasubiri. Nje mtu alikuwa anavuta kiti, na kiti kinalalamika.

"Haya, weka basi," alisema.

"Nimeshaweka."

"Hujaweka kitu."

"Fumbua."

Akafumbua. Bonge la barafu lilikuwa limekaa juu ya kidole chake cha shahada, na maji yameshafika kwenye kitambaa cha meza. Mama Fundi alilitazama kama anayemtazama nyoka aliyejikunja kwenye kiatu. Hakurusha mkono. Hakukuwa na cha kumfanya aurushe.

Wakajaribu dole gumba: kimya. Cha kati: kimya. Cha pete, ubaridi kidogo, kama habari inayotoka mbali. Barafu akagusisha kidole cha mwisho, kile kidogo.

"Yalaaa!" Mama Fundi aliruka, kiti nusura kianguke.

"Angalau kuna mmoja yuko kazini," alisema Barafu. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza siku hiyo, na hakuucheka hata yeye mwenyewe.

Mama Fundi akaketi. Mfuniko wa sufuria ukamjia. Kikombe cha chai kikamjia. Tone la damu kwenye blauzi nyeupe likamjia. Sifa zote za mikono ya chuma zilipanga mstari mbele yake, na kila moja ikavua kilemba na kuonyesha uso wake halisi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Tangu lini? Hakuweza kusema. Nani anaijua dakika aliyolala usingizi? Tangu zamani alikuwa akikitambua kitambaa kwa macho na kwa mlio wake kikikunjwa, na akijiambia anakitambua kwa kidole.

"Nisamehe, baba," alimwambia mwanawe. "Nimekusingizia."

"Nimezoea. Hata majokofu yakifa yenyewe husema ni mimi." Halafu akamshika mama yake begani na hakuuondoa mkono haraka.

Wakakiinua chungu. Kumbe vilikuwa viwili: cha ndani chenye matundu, na cha nje cha kupendeza, kilichopakwa rangi, kisicho na tundu hata moja. Cha nje kilikuwa kimejaa maji mpaka kufurika, na ndiko lilikotoka lile dimbwi. Maji yale yalinuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Udongo ukatoka umeloa chepechepe, na mizizi ilikuwa myeusi, ukiishika inakuachia ganda mkononi kama mtu anayevuliwa soksi. Mama Fundi aliishika kwa vidole vyake vitatu visivyosikia, na akashindwa kujua kati ya vidole na mizizi kipi kimetangulia kufa.

"Lete mkasi wangu," alisema.

"Upi?"

"Ule."

Barafu akamtazama. Mkasi ule haukuwahi kukata kitu kingine zaidi ya kitambaa. Utotoni aliwahi kukatia nao karatasi ya tiara, na siku hiyo alikula chakula cha jioni akiwa amesimama. Akauleta kwa mikono miwili.

Mama Fundi akakata. Mzizi, akatupa. Mzizi, akatupa. Akafika shinani, akakuta shina nalo limeoza kwa ndani, laini kama ndizi ya juzi. Akapanda, akakata, akatazama rangi. Akapanda tena. Karibu na juu kabisa rangi ikawa safi, ya kijani mbichi. Hapo palikuwa na jani moja, jeupe nusu na kijani nusu, na mzizi mmoja wa nje, mfupi, uliokuwa bado umelishika gunia.

"Kata hapa," Barafu alimwonyesha, karibu kabisa na jani.

"Hapana. Acha ziada." Akakata chini zaidi, chini ya kifundo ambako mzizi ulitokea. Wakakitia kile kijiti kwenye chupa ya jamu yenye maji, wakakiweka kwenye dirisha la jikoni. Vyote vilivyobaki, shina, majani mapana, miaka yote ile ya kukwea, vilijaa mfuko mmoja.

Redio aliposikia, na alisikia mapema, alikuja na shauri tayari. "Sema paka kaliangusha."

"Hatuna paka."

"Azimeni."

"Shoga, we!"

"Nakwambia ukweli. Paka hana mkwe. Paka hana cha kupoteza."

Kusema kweli, Mama Fundi alilitafuna shauri lile. Alikuwa ameacha kushona, amekaa tu na mikono mapajani, na paka akawa anakua. Akapata rangi, mkia, na dirisha alilopitia. Mpaka siku ambayo mlango ulifunguliwa asubuhi, kabla mtu hajamtarajia, mkwe akasimama hapo na begi lake. Dada yake alikuwa amepata nafuu mapema.

"Shikamoo, mama," alisema. Na macho yakaenda moja kwa moja chini ya dirisha.

Kulikuwa na chungu kitupu, kimeinamishwa, na juu yake nguzo iliyovaa gunia. Begi likaanguka.

"Liko wapi?"

Paka alikuwa mlangoni mwa mdomo wa Mama Fundi, mzima, na mkia wake. Mama Fundi akammeza.

"Limekufa. Nimeliua mimi. Kwa maji."

Mkwe alikuja mpaka kwenye chungu, akaligusa gunia, mahali palipokuwa na alama za vile vidole vya kahawia. Aligusa alama moja, akagusa nyingine. Alipogeuka, Mama Fundi hakuutambua uso ule. Hakuwahi kuuona.

"Kwa maji? Kwa maji, mama? Si nilikuonyesha? Nilikushika kidole mwenyewe, nikakichomeka mwenyewe! Nilikwambia hata likuombe kwa magoti! Ulikuwa unasikiliza nini? Kaka zangu wamechukua nyumba nzima, nyumba nzima! Mimi nilichukua hiki tu! Mama yangu alikuwa akiyafuta majani yale kila asubuhi, akiyasalimia. Nimekupa wewe, sikumpa mume wangu, nimekupa wewe kwa sababu nilisema huyu ana mikono! Umefanya nini na mikono yako?"

Alipiga kelele mpaka upande wa pili wa ukuta hata Redio alizimika. Barafu alitoka chumbani, akafungua mdomo, "Sikiliza, mama ana..." Mama Fundi akamkata kwa jicho.

"Mwache aseme."

Mkwe akasema yote yaliyokuwemo, na yalikuwa mengi, mengine hayakuhusu ua hata kidogo. Kisha akaingia chumbani, na mlango ukafungwa kwa kishindo ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia kutoka kwake.

Mama Fundi alikwenda jikoni kuchemsha chai, kwa kuwa mikono haina budi kufanya kitu. Maji yalichemka akiwa anatazama ile chupa dirishani. Akaishika sufuria kwa mpini, akaanza kumimina polepole asimwage, kidole cha shahada kimelalia ukingo wa chuma.

"Mama!"

Mkwe alikuwa mlangoni, kope zimevimba. Hakuwa amebisha hodi.

"Mama, mkono! Kidole chako! Weka chini!"

"Kuna nini?"

"Unaungua!" Akaikwapua sufuria kwa upindo wa gauni lake, akaitua, akaukamata mkono wa Mama Fundi na kuupeleka chini ya bomba. Ngozi ya kidole ilikuwa imegeuka nyeupe, inaanza kuinuka. Maji yalitiririka juu yake. Mkwe akamtazama usoni akisubiri uso ukunjamane, na uso haukukunjamana.

"Husikii?"

"Sisikii."

"Hata maji?"

"Kidole hicho, hata maji."

Mkwe alitazama kidole. Akatazama kule sebuleni, kwenye chungu kilichoinama. Akarudi kwenye kidole. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kama nguo inayochuja.

"Ndiyo hiki nilichokichomeka," alisema.

"Ndiyo hicho. Kila siku kiliniambia pakavu. Nami nilikiamini, nimekaa nacho miaka mingi."

"Kwa nini hukusema? Nimekutukana wee mpaka sauti imenikauka, kwa nini hukusema?"

"Ungeacha kunifokea."

"Mama!"

"Kweli. Niliisubiri sana siku ile, mwanangu. Basi ilipokuja sikutaka kuikatiza."

Mkwe aliachia sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko, akamwegemea Mama Fundi begani, bomba likiendelea kumwagika, mpaka Barafu alipopita na kuuliza kama wanadhani maji yanaokotwa.

Ndipo Mama Fundi akamwonyesha chupa ya jamu. Mkwe aliichukua kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga. Akaangalia jani. Akaangalia kifundo. Akasogeza jicho karibu kabisa na kioo.

"Nani amekuambia ukate hapa?"

"Hakuna. Nimeacha ziada tu. Ukikata juu ya mstari utakosa pa kushonea."

"Hapa, hiki kidoa kilichovimba, unakiona? Ndipo panapochipuka. Mama yangu alikuwa anapaita jicho. Ungekata juu yake, tungebaki na jani la kupamba tu, mpaka lioze." Akaangalia tena, kama hakuamini. "Jicho lipo, mama. Lipo zima."

Kesho yake walikwenda hospitali wote wawili. Daktari aliugonga mkono wa Mama Fundi kwenye kifundo na vidole vitatu vikapata mshtuko kama wa umeme, na yeye akafurahi kuvisikia mpaka daktari akashangaa. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa hapo, akaelezwa, kwa kazi ya miaka mingi; ule wa kidole kidogo hupita njia nyingine. Akafungwa kifundo, akakatazwa pasi, akaambiwa asubiri. Kusubiri alikujua.

Kile kijiti nacho kilisubiri. Kikatoa mzizi mweupe, kikatoa mwingine, kikahamishiwa kwenye chungu kidogo chenye matundu, bila chungu cha nje cha kujipamba. Jani jipya lilikuja limejiviringisha kama sigara. Lilipojifungua wote watatu walisimama kulitazama, na Redio wa nne. Lilikuwa dogo, halina mchaniko hata mmoja, na lilikuwa na baka moja jeupe.

"Limefanana na nani?" aliuliza Redio.

"Na shangazi aliyebeba misumari," alisema mkwe, na akawa wa kwanza kucheka.

Asubuhi moja mkwe alisimama nyuma ya Mama Fundi na kikombe cha maji mkononi. Mama Fundi aliinama, mkono umefungwa bendeji, akachomeka kidole chake kidogo kwenye udongo mpaka mwisho, maana ni kifupi. Akafumba macho. Ubaridi ukamjia, mdogo, wa uhakika.

"Linasemaje, mama?"

"Linasema tuliache."

Mkwe hakutia kidole chake. Aliyanywa yale maji mwenyewe, akapita, akaingia jikoni bila hodi.